Mke wangu anapanga upya mti wa Krismasi watoto wakishalala

Shikamoo mama.

Mimi ni mtumishi wa serikali, ofisi yetu iko Mtumba, hapa Dodoma, na nyumbani ni Ilazo. Nina mke na watoto watatu: binti wa miaka sita, wa kiume wa miaka minne, na mdogo wao aliyeanza kutembea mwaka huu na ambaye kwa sasa anapanda chochote kilichosimama.

Mke wangu ni mpambaji. Anapamba kumbi za harusi, sendofu, kipaimara, na kazi yake watu wanaifahamu hapa mjini. Ukiingia kwetu Desemba huhitaji kuambiwa kwamba hapa anaishi mpambaji. Mti ni mrefu, wa plastiki, rangi ni mbili tu, dhahabu na nyeupe, na kila riboni imelala inavyotakiwa. Anaupiga picha, anaweka status, na ni kweli oda zinaingia. Hilo silipingi, maana ada za shule tunalipa wote.

Shida ni namna mti wenyewe unavyopambwa. Kila mwaka anawaita watoto: "Njooni tupambe mti wetu." Watoto wanakuja mbio, wanatundika, wanaimba, sebule inakuwa kama uwanja wa mpira. Wakishalala, mke wangu anavua vyote na kuanza upya. Mwaka jana binti yetu alikuwa ametengeneza nyota kwa boksi la dawa ya meno, akaipaka rangi ya kijani, akaitundika mbele kabisa. Asubuhi akaikuta nyuma, upande wa ukutani. Hakulia. Alinifuata nikiwa nanyoa ndevu akaniuliza, "Baba, kwani nilikosea?" Nikamwambia mimi sijui, amuulize mama yake, kwa kuwa ndiye aliyepanga upya usiku. Hakumuuliza.

Mwaka huu shule zimefungwa, mke wangu ameshusha maboksi kutoka juu ya kabati, akawaita kama kawaida. Wa kiume alienda. Binti akabaki kwenye sofa, akasema, "Pambeni tu, si mama atapanga usiku." Mke wangu alinyamaza, halafu akaniangalia mimi, kana kwamba maneno yale nimemfundisha. Tangu siku hiyo maboksi yako koridoni na hakuna anayeyazungumzia.

Nilishauri watoto wawe na mti wao mdogo chumbani kwao. Mke wangu alikubali upesi sana. Binti akasema chumbani wageni hawaingii.

Juu ya hayo, mama yangu mzazi anakuja kutoka Kongwa kula sikukuu kwetu. Kwake yeye Krismasi ni ibada, nguo mpya na wali. Mti anasema ni mambo ya wazungu, na akitukuta tumenuniana kwa sababu ya mti wa plastiki atatucheka mpaka Pasaka. Sisi sote ni Waanglikana, kwa hiyo tatizo si imani.

Nimwambie mke wangu awaachie watoto mti, au nimfundishe binti aelewe kazi ya mama yake? Naomba ushauri, maana sitaki kuonekana nimeegemea upande.

Baba wa watatu, Ilazo

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo sentensi yako ya mwisho. Unasema hutaki kuegemea upande, wakati asubuhi ile ulishaegemea. Mtoto alikuuliza kama amekosea. Hakukuuliza nani kahamisha nyota. Wewe ukampa jina la aliyehamisha, ukaendelea na ndevu zako. Jibu la swali lake lilikuwa "hapana, hukukosea, nyota yako ni nzuri", na hilo lilikuwa ndani ya uwezo wako hata kama hujui lolote kuhusu mapambo. Badala yake ukamwacha na mambo mawili kichwani: kwamba huenda alikosea, na kwamba mama yake ndiye aliyegundua kosa.

Na kingine, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali ambapo wewe mwenyewe umetundika kitu kwenye huo mti. Sijapaona. Mama anapamba, watoto wanapamba, mama anapamba tena usiku wa manane, baba yupo. Nitarudi kwako.

Mke wako. Najua wapo wasomaji ambao wameshamhukumu kabla hawajamaliza barua, hasa akina mama wenzake. Mimi simhukumu. Mpambaji kwa Desemba hana sebule, ana duka. Anayetafuta mtu wa kumpambia ukumbi wa harusi ya Januari anapita kwenye status za watu akiwa amelala kitandani, na macho yake yanaamua kabla hajasoma bei. Tena huyo mama hapangi upya kwa starehe. Anafanya hivyo baada ya kutwa nzima juu ya ngazi, akifunga vitambaa kwenye ukumbi wa mtu mwingine. Wewe mwenyewe umesema ada mnalipa wote.

Wala yeye si wa kwanza kupamba mti watoto wasione. Desturi hii ya mti tumeipata kutoka kwa Wajerumani, na kwao familia nyingi zilikuwa na kawaida hiyo hasa: wazazi wanajifungia chumbani na mti, watoto wanasubiri nje, na jioni ya tarehe 24 kengele inalia, mlango unafunguliwa, mti huo hapo unawaka mishumaa. Watoto hawajagusa hata tawi, na wanafurahi. Wanafurahi kwa kuwa hakuna aliyewadanganya. Tangu mwanzo wanajua kazi ya kupamba ni ya wazazi na kazi yao ni kushangaa.

Kwenu mtoto anaalikwa. Anaambiwa mti ni "wetu", anafanya kazi kwa moyo wake wote, anapigiwa makofi, halafu kazi inafutwa akiwa usingizini. Jaribu kufanyiwa hivyo wewe huko Mtumba: uandike taarifa, mkuu wako aisifu mbele ya wenzako, asubuhi uikute imeandikwa upya na ukurasa wako umewekwa kwenye kiambatisho. Safari ya pili ukiitwa kuandika utasema alichosema binti yako, ila kwa adabu zaidi.

Kwa hiyo hapo kwenye maswali yako mawili, jibu langu si la kwanza wala la pili. Mke wako asiache kazi yake, na binti yako hana la kufundishwa. Ameshaelewa kazi ya mama yake kuliko wewe. Kinachotakiwa kuondoka ni ule mwaliko wa uongo.

Wewe ulitafuta nafasi: mti mmoja sebuleni, mwingine chumbani. Binti akakujibu kwamba chumbani wageni hawaingii, na jibu hilo ningelitundika ukutani. Mimi ningetafuta tarehe.

Fanyeni hivi. Kuanzia sasa mpaka Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu, mti ni wa mama, na isemwe hivyo waziwazi, mchana, watoto wakisikia: "Huu ni mti wa kazi. Naupamba kwa ajili ya picha za wateja." Aupambe anavyotaka, dhahabu na nyeupe yake. Ikiwezekana aupambe kwa mitindo miwili, na apige picha nyingi asubuhi, mwanga wa dirishani ukiwa bado laini, azihifadhi. Status ya tarehe 24 haihitaji mti wa tarehe 24. Mteja anayeangalia simu akiwa Area C hajui sebuleni kwenu saa hiyo kuna nini. Watoto wakitaka kusaidia kwenye mti wa kazi, wasaidie kama wasaidizi wa fundi: leta hiki, shika kile, na wajue hivyo tangu mwanzo. Nina hakika binti atapenda. Watoto wa miaka sita wanapenda kazi ya kweli kuliko kazi ya kubembelezwa.

Ikifika Jumamosi hiyo, vueni mti wote, pamoja na watoto. Usidharau hatua ya kuvua, kwa mtoto wa miaka minne ni tamu kuliko kupamba. Kisha mti unakuwa wao, mtupu, hapohapo sebuleni ambapo wageni wanaingia. Wakishaupamba hauguswi na mtu mpaka tarehe 6 Januari, Epifania. Kitu kikianguka, kinarudishwa na aliyekitundika. Na wala hamtakuwa mmechelewa: mpaka mkesha wa Krismasi kanisani kwenu ni Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, mchungaji bado yuko kwenye zambarau, na wenye desturi yao waliupamba mti siku ya mkesha wenyewe.

Utaniuliza, mteja akibisha hodi tarehe 27? Akaribishwe, apewe soda. Mke wako aseme, "Huu ni wa wanangu, wangu huu hapa," amfungulie picha kwenye simu. Sijawahi kusikia bibi harusi aliyevunja oda kwa sababu ya nyota ya boksi la dawa ya meno.

Hilo la nyota lazima lizungumzwe kabla ya Jumamosi hiyo, na anayezungumza ni mama, si wewe. Umeshakuwa msemaji wake mara moja, inatosha. Maneno yawe machache, wasikae kikao. "Mwaka jana niliihamisha nyota yako kwa sababu nilitaka kupiga picha za kazi. Ilikuwa nzuri. Mwaka huu kikiwekwa hakihami." Kama nyota bado imo kwenye maboksi, asiitundike yeye kwa niaba ya mtoto ili kufuta deni. Amkabidhi mwenyewe mkononi, na mtoto aamue: kuitundika, kuipaka rangi nyingine, au kuitupa. Mwaka mzima umepita, huenda yeye mwenyewe anaiona ya kitoto. Kama ilishatupwa, aambiwe ilitupwa.

Sasa wewe. Siku ya mti wa watoto, wewe ndiye unayesimama, mke wako anakaa kwenye sofa na chai yake. Itakuwa kazi ngumu kwake kuliko ukumbi wa watu mia tano, kwa hiyo usimtanie. Akihitajika kwa jambo la ufundi ataitwa. Na ataitwa, maana hujui kwamba matawi ya plastiki yanafunguliwa moja moja kuanzia ndani, na kwamba taa zinatangulia kabla ya pambo lolote, waya ukipitishwa karibu na shina ili usionekane. Muulize mbele ya watoto. Binti akikuona unafundishwa na mama yake kitu ambacho hukijui, somo lako la "aelewe kazi ya mama yake" litakuwa limeisha bila hotuba.

Wa miaka minne atatundika mapambo saba kwenye tawi moja, lile linalolingana na kifua chake, mpaka tawi liiname. Acha. Kwake hilo ndilo tawi lililopo. Akitaka ya juu, mbebe, ndiyo maana Mungu amekupa mgongo. Ukimwambia "sogeza kidogo kule" utakuwa umeanza tena biashara ya usiku, ila mchana. Dakika ishirini zikipita ataondoka akacheze na boksi, na hiyo si dharau, amemaliza.

Binti ni hadithi nyingine. Huyo ni mtoto wa mpambaji. Usishangae mkimkuta yeye ndiye anahamisha vya mdogo wake ili mti "ukae vizuri". Sheria ni ileile, na ninyi wazazi msicheke mbele yake.

Mdogo wenu anayepanda ndiye anayehitaji jicho lako lote, na hapa naomba usome polepole. Mti ufungwe kwa kamba kwenye nondo za dirisha, juu ya nusu yake, na chini uwekwe kwenye ndoo yenye mchanga au mawe. Mipira ya kioo ibaki kwenye boksi la mti wa kazi, mwaka huu itumike ya plastiki tu. Pambo lolote dogo linaloweza kupita kwenye lile bomba la karatasi linalobaki toilet pepa ikiisha, mtoto wa umri huo anaweza kulimeza au likamkaba, basi lipande juu au lisiwepo. Kubwa kuliko yote ni zile betri bapa mfano wa kifungo cha shati, zinazokaa kwenye mapambo yanayoimba, kadi za muziki, mishumaa ya umeme na rimoti ndogo za taa. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, ndani ya saa mbili tu inaweza kuunguza njia ya chakula vibaya sana, hata kama ilikuwa imeshaisha nguvu kwenye kifaa. Usimtapishe, usisubiri itoke yenyewe, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba unadhani ni betri. Mapambo ambayo kifuniko cha betri hakina skrubu, mimi ningeyatoa nyumbani kabisa.

Taa mzime mkienda kulala. Za LED za wati tano, zikiwashwa kwa muda wa saa tano kila jioni, hazimalizi uniti moja ya LUKU kwa mwezi, kwa hiyo hatuzizimi kwa ubahili, ni kwa ajili ya waya na usingizi wenu. Umeme ukikatika, mshumaa usije karibu na mti. Plastiki na riboni hazisubiri.

Mapambo ya watoto msinunue. Nyumba ya mpambaji ina viroba vya vipande vya satini na vitambaa vilivyobaki ukumbini, tena vya rangi zote ambazo mama hazitaki kwenye mti wake. Mwombe awape kiroba kimoja, na wewe tafuta gundi na mkasi usio na ncha.

Nimemwacha bibi mwisho kwa sababu ndiye ninayemfurahia zaidi. Mama yako anasema kweli, mti ni wa Wazungu. Usibishane naye. Ila hori ya kulia ng'ombe si ya Wazungu. Wanaotengeneza pango la Krismasi wanaikumbuka kazi ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alipoweka majani makavu, ng'ombe na punda ili watu waone kwa macho mtoto alizaliwa mahali pa namna gani. Sasa hapo Ilazo kwenu nani anajua zizi? Wewe uko ofisini, mke wako yuko na satini, watoto wanamjua ng'ombe wa kwenye kitabu. Kwenye tembe, nyumba ya jadi ya Kigogo, zizi liko uani, katikati ya nyumba, mtu analala huku anasikia ng'ombe wakicheua. Mama yako akisimulia Yesu kulazwa horini, anasimulia mahali anapopajua kwa harufu yake.

Kwa hiyo mpe kazi. Mvua za mwanzo zimeshalainisha ardhi, leteni udongo wa kichuguu kwenye beseni, aukande na wajukuu, wafinyange ng'ombe. Atawaambia pembe zinaelekea wapi, nundu inakaa wapi, na yule dume kwa nini shingo yake ni nene. Miguu itavunjika wakikauka, wengi wao watamaliza sikukuu wamelala, na hakuna ng'ombe asiyelala. Zizi likae chini ya mti, hapo kwenye mchanga wa ndoo au pembeni yake. Ataacha kusema mti ni wa Wazungu? Sidhani. Atakuwa na shughuli tu.

Akiwa bado hajapanda basi mpigie simu, mwambie akuletee masuke machache ya uwele na ya mtama mwekundu kutoka ghalani. Yakifungwa uzi mwekundu shingoni yanapendeza kwenye mti kuliko mapambo mengi ya dukani, huenda mke wako akayaangalia mara mbili. Ayafunge kwenye kiroba, na ninyi myaanike juani siku moja kabla ya kuyatundika, wadudu watoke. Yakae matawi ya juu. Ya chini mdogo wao atayala, na panya watamsaidia.